Asubuhi Tuliyogeuka Mashine

— Kule ndani, kwa auditoire ya chuo, munasomaka nini?

Papa Muhindo aliuliza hivyo kikombe kikiwa bado hakijafika mdomoni, na hakuna aliyemjibu. Si kwamba watu walinyamaza. Kijiweni kwetu hakuna anayenyamaza. Walisema wote, wakasema mpaka kahawa ikaisha, lakini kujibu, hakuna aliyejibu. Na mimi ninayesoma humohumo ndani, mimi ambaye nikisimama kwenye mdahalo chuoni hata wavulana wa droit, wale wa sheria, wanautafuta mlango kwa macho, nilifungua mdomo nikakuta nafasi imeshachukuliwa.

Kijiwe chetu kiko Makiso, Kisangani, kwenye barabara inayoshuka bandarini. Benchi letu ni pirogi, yaani mtumbwi: pirogi kuukuu la mti mmoja, limepasuka tumbo, mtu akalipindua kifudifudi kando ya ukuta, na tangu hapo linabeba makalio badala ya samaki. Kuna mahali watu wana bunge la kusimama, wanabishana wima mbele ya magazeti. Letu ni bunge la kukaa. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, umeme, tunaouita courant, umekatika, na ukungu umepanda kutoka mtoni ukafuta maduka ya ng'ambo ya barabara, kiasi kwamba ukikaa juu ya pirogi lile ulihisi linateleza polepole bila kwenda popote. Bilali wa Kindu, tunayemwita Thermos, alikuwa anamimina kahawa yake ya tangawizi. Tonton Léon, mtu wa biro ya serikali, tunayemwita Décret kwa sababu hawezi kusema neno bila kulitilia namba kama kifungu cha sheria, alikuwa anamega mikate ya moto. Josué, jina lake Antenne, alikuwa ameegemeza toleka yake ukutani, ile baiskeli ya kubeba watu yenye kiti cha mto mwekundu. Mimi, Kavugho, wananiita Objection. Na Papa Muhindo, mdogo wa baba yangu, muuza sukari na sabuni kwa jumla, asiyekosa misa hata siku za mafuriko, huyo ni Cardinal.

Depo ya Cardinal inatazamana na benchi. Ndani yake, nyuma ya kaunta, iko kompyuta aliyoileta mwenyewe kutoka Kampala. Imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mke wake, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki. Wateja wanaisalimia wakipita. Uso wake hakuna aliyewahi kuuona.

Asubuhi hiyo alikuwapo pia Kahambu, binti yake, amekaa mwisho wa pirogi, upande wa mtoni, anazungusha kikombe kitupu kiganjani. Diploma yake ya sekondari ameipata. Anataka informatique, masomo ya kompyuta, hataki kingine. Inscription, maandikisho ya chuo, zilikuwa zinafungwa siku hiyo saa sita, na Cardinal alikuwa ameshatoa hukumu yake tangu mezani, jana: mtu amweleze kwa maneno yanayoingia kichwani kitu gani kinasomwa kule, la sivyo, Kahambu ataandikwa kwenye masomo ambayo baba yake anaweza kuyataja kanisani bila kugugumia. Mimi nilikuja kumtetea.

— Mi najua, alisema Cardinal, maana ana tabia ya kulijibu swali lake kabla halijapoa. Wanasomaka kupiga ma-lettre. Nimeona kwa macho. Kwa secrétariat public ya pale kona kuko kijana mumoja, vidole vyake vinakimbia kama mende, anapiga "J'ai l'honneur" bila kuangalia. Miaka mitatu ya vidole!

— Papa, nikasema, ule kijana hakusoma informatique. Alisoma couture, kushona nguo.

— Unaona? Couture! Na anapiga kukupita wewe.

Wakacheka. Nikaweka kikombe chini.

— Objection! Kupiga herufi si masomo. Ni kama kusema daktari anasomea kuvaa blouse nyeupe.

— Bon. Radio yangu, je? Nilikupa radio wakati wa Pasaka, ukasema haiko ya kwako. Ventilateur, ile feni ya mama yako mudogo, haiko ya kwako. Téléphone ya padri, nikakuletea kwa mikono yangu miwili kama hostia, haiko ya kwako. Alors ya kwako iko gani, mutoto wangu?

Nyinyi mnaonisoma, kama hamjawahi kuwa mwanafunzi wa informatique katika ukoo mkubwa, hamjui hasira. Kila kitu chenye waya kikifa, wanakuletea maiti yake. Pasi. Mashine ya kusaga. Saa ya ukutani ya marehemu babu. Usipoifufua, wanatikisa kichwa: na huyu tunamsomesha.

— Cardinal, muache mi nikuelezee, alisema Antenne. Siku moja nilibebaka assistant wao mumoja, Elisée, ule murefu wa miwani. Njia yote anazungumuza na téléphone: "Ma-paquet inapotea, ma-paquet inapotea." Mi nikafikiri ni mizigo ya bandari. Kumbe ni maneno! Ukituma neno Kinshasa, haiendaka nzima. Wanaikata vipande. Kipande hii na toleka yake, kipande ile na toleka yake, kila moja inapita njia yake, inakutana na wenzake kule.

Nilikuwa nimeshainua kidole. Nikakishusha. Ilinikera, maana mpaka hapo hakuwa amekosea.

— Na usiku, Antenne akaendelea, vile vipande vinalala kwa muji ya Isangi.

— Isangi kwa nani? aliuliza Bilali.

— Chini ya maji. Samaki wanavisikiaka. Ndiyo maana samaki wa Isangi, ukimukata kichwa, anakuangalia kama mutu mwenye kusikia siri ya nyumba ya wengine. Hawa wanafunzi, kazi yao ni kuviamusha asubuhi. Wanashuka pale ukingoni, wanaita kila kipande na namba yake, vinapanda juu ya maji, vinapanga foleni, vinaenda. Wahenga walisema: maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

— Na hiyo methali inaingia wapi?

— Inaingia majini, Ya Kavugho.

— Objection! Hakuna kinachopita chini ya maji hapa. Na hakuna kinacholala.

— Umekwenda kuangalia?

Sikuwa nimekwenda kuangalia. Kwenye mdahalo swali kama hilo lina jina lake, ni mtego wa watu wavivu, lakini pale juu ya pirogi lilikaa vizuri, na kwa muda kila mtu akawa anatazama upande wa mto usioonekana, ambako labda maneno yetu ya jana yalikuwa yanaanza kujinyoosha.

Tonton Léon akamaliza mkate wake, akajifuta vidole kimoja baada ya kingine.

— Article premier. Kuku mugeni hakosi kamba mguuni.

— Yaani?

— Yaani câble. Article deux: câble ni ya kudanganya watu. Kazi yenyewe iko juu. Sisi kwa biro walikuja vijana wenye chemise ya kupigwa pasi, wakatuambia dossier zote zitapanda kwa wingu. Wingu! Mi nikauliza, wingu gani? Wakacheka. Lakini mi niko mutu wa État, wa serikali, sichekwi. Nikatoka inje, nikaangalia juu. Munafikiri hii mvua ya Kisangani inatoka wapi? Zamani haikuwa hivi. Kule juu kumeshajaa.

— Tonton, wingu ni mashine za mbali, ni majumba yenye...

— Muache mukubwa amalize. Siku moja ule wingu utapasuka. Na haitanyesha maji. Itanyesha acte de naissance, vyeti ya kuzaliwa. Karatasi nyeupe, pole pole, kama mabawa ya kumbikumbi, toka Kapalata mpaka ng'ambo ya mto. Zitaanguka kwa mabati, kwa masoko, kwa mabega ya wanawake. Kila mutu ataokota moja. Na utaokota jina ya mutu mwingine. Utaangalia kushoto, kulia, utaiweka mufukoni, utaenda nayo kwa nyumba. Bibi yako atakuita vile. Utazoea.

Mkate wa Antenne ulikuwa umesimama hewani. Nilimwona Kahambu akifungua kiganja chake taratibu, kama mtu anayepima kama mvua imeanza.

— Na wanafunzi? aliuliza Cardinal, kwa sauti ya chini.

— Wanafunzi wanasomea kushika ule wingu usipasuke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilitaka kupinga. Lakini nilikuwa bado najiuliza ningeokota jina gani.

— Munaenda mbali sana, alisema Bilali, akifunga kifuniko cha chupa yake kubwa. Isangi, mawingu. Mi nauzaka kahawa kwa mulango ya cyber, nimeiona karibu. Mashine ukiiacha peke yake, inafunga uso. Lakini iko na taa moja kidogo kwa pembeni. Ile taa inawaka, inafifia. Inawaka, inafifia. Wallahi, inapumua vile mutoto mwenye usingizi. Na bibi yangu kule Kindu, Mungu amurehemu, alikuwa anasomaka ndoto za watu. Alisemaka: kitu chenye kupumua, kinaota. Hawa watoto wa chuo wanasomea kusoma ndoto. Si ndoto za watu. Ndoto za zile mashine.

— Zinaota nini? aliuliza Antenne.

Bilali akafikiri. Alifikiri kwa heshima, kama aliyeulizwa na kadhi.

— Zinaota courant.

Basi hapo nikasimama. Mwanadamu ana mpaka wake.

— Objection! Objection, na objection tena! Mnakaa hapa, mnatuota sisi! Mimi nimevuka mwaka wa kwanza ambao wote ni hesabu, hesabu mpaka watu wazima wenye ndevu walilia koridoni. Nimesoma algorithmique, nimesoma base de données, réseaux, système d'exploitation...

— Hao ni watakatifu? aliuliza Cardinal. Sema kwa Kiswahili ya soko.

— Sawa. Kahambu akihama nyumba, anwani yake iko shuleni, iko parokiani, iko kliniki. Wakibadilisha mahali pamoja, kwingine anabaki bado anaishi kule kwa zamani. Anakuwa Kahambu watatu. Base de données ni kusoma namna ya kumfanya awe mtu mmoja. Na tunasoma sheria pia, nani ana haki ya kujua anakaa wapi na nani hana. Na système, ni kusoma namna mashine moja inavyohudumia watu wengi, kama Bilali hapa: anamimina, anapokea, anasuuza vikombe, na kila mmoja wenu anaamini anahudumiwa peke yake.

— Hiyo ni kweli, alisema Bilali.

— Na algorithmique, ndiyo mama ya yote. Ni kukata kazi kubwa kuwa vikazi vidogo sana, vya kijinga kabisa, mpaka kitu kisichokuwa na akili kiweze kuvifanya na kisikosee.

Cardinal alinitazama. Si kwa ubaya. Alinitazama kama anavyotazama bidhaa ambayo jina lake amelisikia lakini hajaifungua.

— Maneno iko muzuri, mutoto wangu. Unasema vizuri tangu zamani. Lakini mi siuzaka sukari kwa maneno. Nionyeshe.

— Courant imekatika, Papa.

— Aah.

Kahambu aliinamisha kichwa. Na hapo, sijui kwa nini, ikanijia siku moja ya TP, mafunzo ya vitendo, mwaka wa pili, courant ilipokatika na Elisée, assistant yuleyule wa Antenne, badala ya kuturudisha nyumbani akafungua madirisha ya auditoire, akatuambia: leo mashine ni sisi. Mimi na mstari wangu tulikuwa kumbukumbu, kila mmoja ameshika namba yake kwenye kipande cha katoni. Françoise, mwenzangu wa darasa, alikuwa saa, anapiga makofi. Wengine walihesabu, wengine walibeba. Mvua ilikuwa inaanguka nje, na sisi, karibu auditoire nzima, tukapitishiana namba mkono kwa mkono bila neno, makofi yakienda, mpaka jibu likatokea ubaoni. Hakuna kati yetu aliyelitengeneza. Lilitokea tu, kama vile tulikuwa tumelala pamoja tukaota kitu kimoja.

— Haya, nikasema. Wekeni vikombe chini. Bilali, na wewe panda ukae.

— Mi niko kazini.

— Ndiyo kazi yenyewe. Panda.

Wakakaa watano juu ya pirogi. Kuanzia upande wa mtoni: Kahambu, Cardinal, Antenne, tonton Léon, na Bilali mwishoni, upande wa barabara, chupa yake mapajani.

— Nyinyi sasa ni mashine. Kazi yenu ni kujipanga kwa umri, mkubwa kabisa awe upande wa mtoni. Lakini kila mmoja anajua jambo moja tu. Nikipiga kofi nikakuangalia, unamuuliza jirani yako wa upande wa mtoni: uko na miaka ngapi? Kama wewe ndiye mkubwa, mnabadilishana nafasi. Kama sivyo, unakaa. Basi. Hakuna kuangalia mbali, hakuna kusema najua. Mashine haijui Cardinal ni nani.

— Haijui Cardinal? alishangaa Papa Muhindo.

— Haijui hata Baba Mtakatifu.

— Na chef ni nani? aliuliza tonton Léon.

— Hakuna chef. Kuko makofi.

— Article premier, hiyo ni machafuko.

Nikapiga kofi. Cardinal akageuka kwa binti yake, akamuuliza miaka yake kwa sauti nzito kabisa, kana kwamba hakuwapo alipozaliwa, na Kahambu akamjibu, wakapishana. Kofi. Antenne akamuuliza Kahambu, wakapishana. Antenne akamuuliza Cardinal, akakaa. Kofi. Tonton Léon akampita Kahambu, akampita Antenne, akafika kwa Cardinal.

— Uko na miaka ngapi?

— Sitini na moja. Na wewe?

Tonton Léon akakohoa.

— Hamsini na nane.

Akakaa pale alipo. Kofi. Bilali akampita Kahambu na chupa yake, akampita Antenne, akasimama kwa tonton Léon. Kofi. Kofi. Hakuna aliyesogea tena. Walikuwa wameanza kwa mzaha na kusukumana, lakini kufikia mwisho walikuwa wanasogea kimya, wazito na taratibu, mapaja yakiteleza juu ya mti uliolainishwa na miaka ya maji. Ukungu ulikuwa umewafika magotini. Kwa kweli pirogi lilikuwa linakwenda. Ningeapa.

— Imekwisha, nikasema. Hakuna aliyewapanga. Hakuna aliyewaona wote kwa pamoja. Kila mtu alijua kitu kidogo kabisa, na mmepangika.

Wakaangaliana. Cardinal mbele, upande wa mtoni, Léon, Bilali, Antenne, na Kahambu nyuma.

— Mama na miye! alisema Antenne.

— Iko kosa, alisema Kahambu.

Ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile. Wote tukageuka.

— Tonton Léon ndiye mukubwa wa papa. Kila siku anatuelezaka hapahapa: siku ya komunyo ya kwanza ya papa, yeye alikuwa kijana wa kwaya, alimufunga papa kamba za viatu sababu papa hakujua. Mutoto hamufungi mutoto mukubwa kamba za viatu.

Tonton Léon alikuwa anakitazama kikombe chake.

— Hamsini na nane, akasema, ni umri ya État.

— Na ile ingine?

— Ile ingine ni ya mama yangu. Mutu wa biro iko na umri mbili, munajua vile. Ukisema ile ya mama, wanakupeleka kupumuzika, na ukishapumuzika hakuna anayekukumbuka. Mwenda pole hajikwai.

— Toka lini uko na hamsini na nane?

— Toka Kahambu anaanza shule ya musingi.

Kicheko kilichofuata kiliwafukuza njiwa juu ya depo. Cardinal alicheka mpaka akashika bega la Léon ili asianguke, kisha akainuka mwenyewe, akamwachia nafasi ya mbele, upande wa mtoni, na tonton Léon akaikalia kwa aibu na kwa heshima, mkubwa wa kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

— Mashine haikukosea, nikasema. Imefanya kile ilichoambiwa. Ukiilisha uongo, inaupanga uongo vizuri sana, mstari ulionyooka. Na hilo pia tunasoma. Nusu ya masomo ni kuifanya itii, nusu nyingine ni kuogopa tuliyoiambia.

Cardinal alikuwa anamtazama binti yake.

— Kahambu. Ule kosa umeliona namna gani?

— Sababu mi nasikilizaka, papa.

Akatikisa kichwa, polepole, na nikaona kitu kimelegea usoni pake. Akatazama saa yake. Saa sita ilikuwa bado mbali. Akafungua mdomo, na mimi nilijua neno linalokuja, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

— Samahani, wapendwa.

Alikuwa mama mmoja ambaye hatukumwona akifika. Ameshuka kwenye boti ya Isangi, kikapu chake cha samaki wa moshi kiko chini miguuni, amesimama akingoja mtu ainuke apate kukaa. Baadaye tulijua anaitwa mama Georgette. Kahambu akasogea kumpa nafasi, Bilali akammiminia kahawa, naye akakaa.

— Mama, alidakia Antenne, kule Isangi, asubuhi, hamuonakapo vipande vya maneno vinapanda juu ya maji?

— Tunaonaka magugu, mwanangu. Akapuliza kahawa. Niliwaangalia vile munacheza. Nimependa. Ninasikia ni masomo ya kompyuta. Sasa mi nauliza tu: mashine yenyewe, hawa watoto wanaigusaka wapi?

Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Tonton Léon alitafuta article, hakuipata. Antenne alitazama gurudumu la toleka yake. Bilali aligeuza chupa juu ya kikombe cha Cardinal. Likatoka tone, kisha hakuna. Na wote wakanitazama mimi, Objection, mwenye jibu la kila kitu.

Ningesema nini? Kwamba chumba cha mashine kipo, kina kufuli, na mwenye ufunguo yuko safarini tangu sijui lini? Kwamba kikifunguliwa tunakaa wanne kwenye kiti kimoja, na zamu yangu ikifika courant inaondoka? Kwamba mtihani wa kuandika programu tunaufanya kwa kalamu, karatasini, na tunasahihishwa kwa kalamu, na programu hizo hazijawahi kutembea hata siku moja mahali popote duniani? Kwamba ninajizoeza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mpaka betri inakufa? Mimi nimekuwa kumbukumbu ya mashine mara nyingi kuliko nilivyoigusa. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa wazee hawa ikageuka, ikakosa pa kwenda, maana walikuwa wanatuota kwa sababu na sisi tunaiota.

— Ah, alisema Cardinal taratibu. Donc ni ndoto.

— Papa...

— Si kwa ubaya, mutoto wangu. Ni ndoto ya muzuri. Nimeiona, nilikuwa ndani yake, nimehama kiti. Lakini siwezi kutuma mutoto akasomee ndoto.

Kahambu akaweka kikombe chake chini, juu ya mawe, kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

Ukungu ulikuwa unapanda. Kwanza yakatokea matairi ya lori, kisha mlango wa depo uliofunguliwa nusu, kisha, juu ya bati, mtambo wa jua unaolisha friji ya Cardinal hata mji mzima ukiwa gizani, na ungetosha kulisha mashine moja zaidi. Ndani, nyuma ya kaunta, kitambaa cheupe. Maua ya plastiki. Mtu aliyekuwa anapita akainua kofia yake kidogo, akaisalimia, akaenda.

Kwenye mdahalo kuna kanuni: usiombe kamwe, thibitisha. Nilikuwa na hoja tatu tayari, za kukata kama wembe. Nikaziacha zikae. Nikalisogelea pirogi, nikapiga goti moja kwenye matope mbele ya mdogo wa baba yangu, macho yangu yakiwa sawa na funguo zilizoning'inia kiunoni pake.

— Papa, tafazali. Ondoa ile maua, ondoa kitambaa, umuache Kahambu akae mbele ya ile kompyuta.